Soni na Mizani

Chuo cha ualimu kilitufunza nadharia ya B. F. Skinner: tendo lipatalo thawabu hurudiwa, lipatalo adhabu hupungua. Darasani niliona kuwa kwa mwanafunzi mwenye soni mizani hii huelemea upande mmoja. Akighani mshororo wa mizani 16, akapungukiwa na moja, wenzake wakacheka, hajifunzi kuhesabu, hujifunza kunyamaza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sifa aipatayo kesho yake huidhania kuwa ni huruma. Anyamazaye hachekwi, lakini pia hasifiwi, na hofu yake haipati wa kuikanusha. Ndiyo maana nilimsikiliza kwanza faraghani, nikamsifu kwa jambo bayana: “Vina vyako vya kati vinalingana.” Sifa yenye ushahidi haikataliki kwa urahisi.