Stajeni wa Danube na lango lisilofunguka

Ikiwa una ramani ya Ulaya nyumbani, au hata kitabu cha jiografia cha mtoto, hebu kifungue. Tafuta Bahari Nyeusi, kisha utazame magharibi yake, pale Rumania inapopakana na Ukraine. Utauona mto Danube ukigawanyika kama vidole kabla ya kuingia baharini. Umetoka mbali, misituni kule Ujerumani, ukasafiri kilomita 2,850 na kugusa nchi kumi. Sisi leo tutauanzia mwishoni, maana msafiri tunayemfuata huuanzia huko huko.

Mji wa kuanzia ni Tulcea. Kutoka hapo hakuna barabara ya kukufikisha Sulina, mji ulioko ukingoni mwa bahari, utapanda boti. Kulia matete, kushoto matete, na majini wameelea mwari weupe, wa aina ile ile unaowaona ziwa Nakuru. Wenyeji wengi ni wavuvi. Baadhi yao ni Walipovani, wazao wa Warusi waliokimbia kuteswa kwa sababu ya dini yao zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Na chini ya boti yako, msomaji, hupita stajeni.

Usimfikirie kama ngege wa sahanini. Huyu hana magamba ya kawaida, bali safu tano za mabamba ya mfupa. Chini ya pua yake ndefu zimening’inia sharubu nne za kupapasia chakula matopeni. Mkia wake wafanana na wa papa. Ukoo wake ulikuwako hata kabla dinosau hawajatoweka. Mkubwa wao ni beluga, ambaye zamani alivuliwa akiwa na uzani wa zaidi ya tani moja, na anaweza kuishi miaka mia.

Lakini hana haraka ya kuzaa, na hapo ndipo taabu yake inapoanzia. Beluga jike huchukua miaka kumi na mitano au zaidi kupevuka. Mtoto aliyeanza shule ya chekechea siku yai lilipoanguliwa huenda akawa chuo kikuu kabla samaki huyo hajataga mara ya kwanza! Tena hatagi kila mwaka. Miaka yote hiyo huishi baharini, kisha hurudi mtoni. Wengine hupanda majira ya kuchipua. Wengine hupanda kabla ya baridi na kungojea katika vina virefu vya mto hadi maji yapate joto. Mayai hutagwa penye mkondo wa nguvu na changarawe safi, yakanata kwenye mawe. Baada ya wiki moja hivi huanguliwa, na vifaranga huchukuliwa na maji kurudi baharini.

Mayai hayo ndiyo kaviari ya matajiri. Wavuvi walikuwa wakitandaza chini ya mto kamba zenye safu za ndoana kali zisizo na chambo. Samaki akipita, hunaswa ubavuni. Jike hupasuliwa kabla ya kutaga hata mara moja. Wasomaji wa pande za Ziwa Victoria watakumbuka ningu, ambaye hupanda Nzoia mvua zinyeshapo. Naye aliadimishwa na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito. Rumania ilipiga marufuku uvuvi wa stajeni mwaka 2006, ingawa ujangili haujaisha. Mwaka 2022 shirika la IUCN lilitangaza kwamba aina zote za stajeni duniani zimo hatarini kutoweka.

Sasa tupande mto. Zamani beluga alifika Hungary na Austria. Leo, ukisafiri kilomita 863 kutoka baharini, utafika kati ya Rumania na Serbia na kukuta ukuta. Ni bwawa la pili la umeme la Milango ya Chuma, lililomalizwa 1984. Mbele yake liko la kwanza, la 1972. Jina limesibu. Silaani umeme, sisi wenyewe twautegemea mto Tana. Ila waliojenga hawakumwachia samaki njia.

Je, haiwezekani kumtengenezea? Wataalamu wamekuwa wakilichunguza jambo hilo, lakini ngazi za samaki zilizozoeleka kwingineko hazimfai. Beluga ni mkubwa mno, si mrukaji, naye hupenda kuambaa chini kabisa ya mto. Hata akipita, mbele yake kuna ziwa refu lililotuama, na vifaranga wake watahitaji mkondo wa kuwashusha. Kisha, wao na mama yao, itawabidi wapite tena penye mitambo ile ile inayozunguka ili waifikie bahari.