BENKI YA CHAKULA ILIANZA NA MANENO YA MAMA MMOJA



Ndugu zangu katika imani, baada ya darsa letu la israfu wengi mmeniandikia mkiuliza jambo lile lile: "Sheikh, chakula kinachobaki kwenye walima na futari zetu tukifanyeje?" Jibu la haraka ni kwamba wapewe wenye njaa. Lakini hilo kila mtu analijua, na bado masufuria ya pilau yanamwagwa. Kinachotukosesha ni njia. Chakula kimezidi nyumba hii, kimekosekana nyumba ya tatu, na hapo katikati hakuna wa kukibeba kabla hakijachacha. Leo nawasimulia watu walioitafuta njia hiyo. Msiishie kwenye kichwa cha habari, someni mpaka mwisho.

Mwaka 1967, katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, alikuwapo bwana mmoja anaitwa John van Hengel. Alikuwa mtu wa biashara zamani, kisha dunia ikamgeukia. Ndoa yake ilivunjika, mwili ukaumia, akahamia Arizona kutafuta nafuu. Huko akawa anajitolea katika jiko la Wakatoliki linalopikia maskini. Kazi yake moja ilikuwa kutafuta chakula cha bure. Alipita kwenye bustani za watu kuomba machungwa na mabalungi yaliyokuwa yanaanguka na kuoza chini ya miti. Akapata mengi mpaka jiko likashindwa kuyamaliza.

Katika shughuli hizo akakutana na mama mmoja. Mama huyu alikuwa na watoto kumi, na mume wake yuko gerezani. Akamweleza kwamba anawalisha watoto kwa vitu anavyovitoa kwenye mapipa ya taka nyuma ya maduka makubwa. Akamhakikishia kwamba vile vitu ni vizima. Van Hengel akaenda kuangalia mwenyewe, akakuta mikate ya jana, mboga ambazo ubaya wake ni sura tu, na vyakula vya barafu ambavyo barafu yake haijayeyuka.

Mama akaongeza neno. Akasema inafaa pawe na mahali kama benki, mwenye kuzidiwa na chakula aweke, na mwenye kuhitaji aje achukue.

Simameni hapo kidogo. Mwenye wazo si yule mfanyabiashara, wala si padri, wala si mtu wa serikali. Ni mama aliyekuwa akiinama kwenye pipa. Jina lake vitabu havikulishika, la van Hengel wamelishika. Sifa ya van Hengel, nami nampa sifa hiyo bila choyo, ni kwamba alimsikiliza. Wangapi kati yetu tungemtolea mama yule noti, tukamwombea dua, tukaondoka zetu?

Akaenda kwenye kanisa la St. Mary's mjini hapo. Wakampa jengo lililoachwa, lililokuwa duka la kuoka mikate, na dola 3,000. Basi, huo ndio mtaji. Akaanza kuwafuata mameneja wa maduka mmoja mmoja: kopo lililobonyea, lebo iliyobandikwa vibaya, bidhaa iliyokaribia tarehe, badala ya kutupa nipe mimi. Mwaka wa kwanza zikapita mikononi mwao zaidi ya tani 100 za chakula. Hakuna shamba jipya lililolimwa kwa ajili ya hizo tani. Zilikuwapo tangu mwanzo, zinaelekea jalalani.

Angalieni na utaratibu wao, kwa sababu hapo pana elimu. Benki ile haikuwa jiko. Ilikuwa ghala. Inapokea, inachambua, inapima, inaandika, kisha inatoa kwa wale wanaozijua familia: majiko ya maskini, makanisa, nyumba za kuhifadhi wasio na makazi. Mwenye ghala hahitaji kumjua kila mwenye njaa, bali awajue wanaowajua. (Na kwa mwenye wasiwasi na neno "benki": humu hamna riba. Unaweka gunia, hurudishiwi gunia na nusu.)

Miji mingine ikaja kujifunza. Mwaka 1976 sheria ya kodi ya Marekani ikarekebishwa, kampuni zikaona nafuu zaidi kutoa bidhaa kuliko kuzitupa. Mwaka 1977 benki za namna hii zilikuwa zimefika miji 18. Mwaka 1979 van Hengel akaanzisha chombo cha kuziunganisha, kikaitwa Second Harvest, yaani mavuno ya pili, kwa kukumbuka desturi ya zamani ya maskini kuokota masuke yaliyobaki shambani. Leo kinaitwa Feeding America na kina benki zaidi ya 200. Mwaka 1996 ikatoka sheria ya kumlinda mwenye kutoa chakula kwa nia njema asishitakiwe, maana wengi walikuwa wakitupa kwa kuogopa kesi.

Sasa tuje Uingereza, mji wa Salisbury. Mume na mke, Paddy na Carol Henderson, walikuwa wameanzisha taasisi ya Trussell Trust, wakichangisha fedha kwa ajili ya watoto wa mitaani nchini Bulgaria. Mwaka 2000 ikaja simu. Ni mama wa hapo hapo Salisbury, anauliza: watoto wangu leo wanalala na njaa, nyinyi mtafanya nini? Wale watu walikuwa wanatazama Bulgaria, njaa iko mtaa wa pili. Wakaanza kuweka akiba ya chakula pale pale kwao nyumbani, na kutoka hapo mtandao ukaenea Uingereza nzima.

Mama mwingine tena. Na nyinyi mnaosoma sira nadhani mmeshamkumbuka wa tatu, ambaye kwa tarehe ndiye wa kwanza. Sayyidna Umar (r.a.) anatembea usiku nje ya Madina, pamoja na Aslam mtumishi wake. Anakuta mama amebandika sufuria motoni, watoto wanalia, na ndani ya sufuria hamna chakula, anawapumbaza tu mpaka walale. Mama hamjui aliyesimama mbele yake, anamlalamikia Umar kwa Umar mwenyewe! Amirul-Muuminina hakujitetea. Alirudi mbio kwenye ghala, akajitwisha unga mgongoni, akamkatalia Aslam asimpokee mzigo, akaupuliza moto mwenyewe mpaka moshi ukawa unapita kwenye ndevu zake.

Nimesema ghala. Ibn Saad amepokea kwamba Umar aliweka nyumba maalumu ya unga, ndani yake unga, tende, zabibu na vinginevyo, kwa ajili ya msafiri aliyeishiwa na mwenye haja. Miaka elfu moja na mia tatu hivi kabla ya Phoenix. Na kabla ya hapo Mtume (s.a.w.) aliwasifu Ash'ari, kabila la kina Abu Musa, kwa sababu chakula kikipungua walikusanya alichonacho kila mmoja katika nguo moja, wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Atatokea wa kuniuliza, "Sheikh, mbona unatuletea habari za makanisa?" Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, mapatano ya washirikina kumsaidia aliyedhulumiwa. Na baada ya Uislamu akaeleza kwamba angeitwa kwa jambo lile angeitikia. Kheri haikatazwi kwa sababu ya mlango iliotokea. Kinachoniuma mimi ni kwamba Bait ya unga ilikuwa yetu, nasi tumebaki kuisimulia kwenye mawaidha.

Wenzetu wa Misri wameamka. Tangu 2006 wana benki ya chakula, na moja ya kazi zake ni udhiya: watu wanalipia mnyama, anachinjwa katika siku zake, na sehemu ya nyama inatiwa kwenye makopo ikaliwe miezi ya mbele. Wanafunzi wa fiqhi wanajua kwamba kuna mwaka Mtume (s.a.w.) alikataza kuweka nyama ya udhiya zaidi ya siku tatu, kwa sababu maskini wengi walikuwa wameingia Madina. Mwaka uliofuata akaruhusu. Hukumu ilifuata hali ya wenye njaa. Sisi hapa siku ya Idi nyama inajaa hadi paka wanashiba, na mwezi wa Safar kuna nyumba haijaona hata mfupa.

Sidanganyi watu: ghala la chakula halimalizi umaskini. Huko Ulaya na Marekani wapo wanaolalamika kwamba jambo lililoanza kama dharura limekuwa la kudumu, na wakubwa wamepata pa kujifichia. Lalamiko lina haki yake. Mshahara mdogo hautibiwi kwa kilo mbili za maharage. Lakini mtoto aliyelala na njaa leo hawezi kungoja mishahara irekebishwe.

Nirudi kwetu. Hao mama watatu walisema, na waliosikia walikuwa watu wanaosemeka nao. Je, mama wa mtaani kwetu anamwambia nani? Tunagawa futari Ramadhani, tunampanga foleni juani, tunamshikisha mfuko wenye jina la mfadhili, tunampiga picha, tunairusha mtandaoni. Mwanawe anaiona picha hiyo shuleni. Mwaka unaofuata haji, nasi tunaandika kwamba wahitaji wamepungua! Sura al-Insaan imewasifu wanaolisha bila kutaka malipo wala shukrani, na picha ni shukrani tunayoichukua kwa nguvu.

Rai yangu kwa kamati za misikiti ni hii. Tengeni chumba kimoja kikavu, mzani, daftari na mbao za kuinulia magunia yasiguse sakafu. Vikavu viingie humo: mchele, unga, maharage, sukari, tende. Chakula kilichopikwa kisilale kwa joto letu hili. Mwenye harusi atoe taarifa mapema, vijana wawili wenye bajaji wawe tayari, kigawiwe usiku ule ule. Zakaatul-fitri msiichanganye humo, ina wakati wake na wenyewe. Picha zipigwe za magunia, si za watu.

Na daftari la familia pamoja na ufunguo wa chumba, akabidhiwe mama mwaminifu wa mtaa, anayeweza kufuatwa jioni na jirani yake bila hodi kusikika nyumba ya pili.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.