Tairi la Misimu Yote: Kassel na Laare

Mjomba wangu anabeba miraa kwa Toyota Probox kutoka Laare, kwenye vilima vya Nyambene huko Meru, Kenya, na mwaka jana aliniomba nimtumie matairi ya misimu yote kama yale niliyofunga kwenye gari langu la umeme. Hesabu yake ilikuwa fupi: tairi lililoshinda theluji ya Ujerumani litashindwaje na tope la Nyambene? Nilimwambia, “Mjomba, hayo yatakula pesa yako bure.” Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kuelezwa.

Huku Kassel, Ujerumani, ununuzi wa tairi unaanza na sheria. Watu wengi wana seti mbili: za baridi hufungwa kuanzia Oktoba hadi Pasaka, za kiangazi miezi iliyobaki. Asiyetaka usumbufu huo hununua la misimu yote, lakini lazima ubavuni liwe na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi tena tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Ukikutwa barabarani kwenye theluji bila mchoro huo, ni faini ya euro 60 na pointi moja kwenye rekodi yako ya udereva.

Kisha kuna lebo, ile inayotumika Ulaya tangu Mei 2021. Inapima mambo matatu makubwa: tairi linakula nishati kiasi gani, linashika vipi breki kwenye maji, na linapiga kelele kiasi gani. Mwenye gari la umeme hukazia macho herufi ya kwanza, maana tairi zito kuviringika linamnyang'anya kilomita za betri. Kelele nazo husikika zaidi kwa kuwa hakuna injini ya kuzifunika, kwa hiyo viwanda vingine hubandika sponji ndani ya tairi. Mimi sponji nililiruka. Ni starehe ya kulipia. Nilichochungulia kwa makini ni uzito. Gari langu linapita tani mbili likiwa tupu, betri imelala chini ya sakafu nzima, na ukikanyaga tu nguvu yote inafika kwenye magurudumu papo hapo. Meno ya tairi huisha haraka. Ndiyo maana unatafuta herufi XL, yaani tairi la kubeba uzito mkubwa, au HL kwa magari mazito zaidi.

Pale steji ya Laare hakuna anayeuliza lebo. Fundi wa pancha anapitisha kidole gumba kwenye meno, anaminya ubavu akitafuta nyufa, kisha anainama kusoma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hapo ndipo tairi nyingi za ex-Japan, mitumba kutoka Japani, huumbuka, meno mazuri na mpira uliozeeka.

Na mzigo wenyewe hausubiri. Miraa ikikaa siku mbili imenyauka, hata ukiifunga kwa majani ya mgomba namna gani, na nyingine ikifika Nairobi inatakiwa ipande ndege kwenda Mogadishu, soko lililofungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Julai 2022. Kwa hiyo Probox inashuka kona za Maua imejaa magunia hadi darini, inapita Meru na, kabla ya Chuka, ule mteremko wa daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Gari zito linalokimbizwa: mjomba amelijua tatizo langu miaka mingi kabla sijanunua gari la umeme. Na jibu analo tayari, matairi ya plai nane ya kubebea mizigo.

Tairi lenye chembe ya theluji limetengenezwa kwa mpira laini ili lisigande joto likishuka chini ya nyuzi 7. Laare haijawahi kuiona baridi hiyo mchana. Ulaini huohuo, ukipita Mwea saa saba kwenye lami inayochemka na mzigo juu, unageuka hasara. Kipara kitatokea kabla mvua za Oktoba hazijaisha. Nauli ya kontena juu yake!

Swali gumu ni la yule atakayepandisha Nissan Leaf ya mtumba hadi Nyambene, maana siku hiyo haiko mbali. Gari hilo, kama mengi ya umeme, haliji na tairi la spea. Unapewa chupa ya gundi na pampu. Gundi inaziba tundu la msumari. Jiwe likichana ubavu huko njia ya Mutuati, chupa hiyo ni ya kutazama tu. Anunue ringi inayolingana na gari lake, aivalishe tairi, aibebe kwenye buti hata kama itakula nafasi ya mzigo. Kisha amwonyeshe fundi wa pancha, kabla ya pancha yenyewe, alama za kuwekea jeki pembeni mwa sakafu. Jeki ikiingizwa katikati kama ilivyozoeleka, inainua gari kwa betri.