NANI ATAMTOA DADA?

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Niliuona ukweli wa maneno hayo mwaka wa 2023 dada yangu alipoposwa, kukazuka swali lililotufunga vinywa nyumbani: nani atamtoa?

Wengi wenu huniuliza harusi ya Kihindu ikoje. Basi nisikilizeni. Kuna sehemu iitwayo kanyadani. Kanya ni mwali, na dani ni sadaka, kitu kitolewacho bila kutaka malipo. Kwetu Wagujarati, wazazi wengi hufunga siku hiyo mpaka shughuli iishe. Huketi na maharusi chini ya mandapu, yaani kibanda kilichopambwa maua. Huuchukua mkono wa kulia wa binti yao wakauweka katika mkono wa kulia wa bwana harusi, maji yakamiminwa, huku kuhani akisoma maneno ya Kisanskriti. Bwana harusi huahidi kutomwacha mkewe nyuma katika wema, katika mali wala katika mapenzi.

Sasa matata ni haya. Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano. Kwa desturi ya wengi wetu, mjane hamtoi mwali. Ati ana kisirani. Kazi hiyo hupewa ami na mkewe. Ami yetu ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini aliyekesha dada akiugua malaria, aliyeshona nguo za watu usiku ili karo ilipwe, ni Mama. Jamani, aliyelea ndiye akae nyuma siku ya kutoa?

Wako wasemao heri desturi yote ifutwe. Mwaka wa 2021 kule India, tangazo moja la mavazi ya harusi, aliloigiza Alia Bhatt, liliuliza kwa nini binti atolewe kama kitu. Wengine walishangilia, wengine wakaghadhabika. Mwaka wa 2024 nayo Mahakama Kuu ya Allahabad ilisema kanyadani si sharti la kisheria la ndoa ya Kihindu. La lazima ni zile hatua saba za maharusi.

Dada hakutaka kuifuta. Alisema kwa adabu, "Ami, nibariki, lakini mkono wangu autoe Mama."

Nyumba nzima ikanyamaza ji! Nyanya, aliyemzaa baba, ndiye aliyenena: "Mwacheni amtoe. Mimi pia ni mjane, na baraka zangu hamjawahi kuzikataa."

Nani angembishia? Siku ilipofika, Mama aliushika mkono wa dada, akautoa. Alitetemeka hata maji yakamwagikia sari yake, na ami mwenyewe akamshikia chombo. Hakuna kisirani kilichotupata. Dada na shemeji wanaishi kwa amani.

Nanyi wenzangu, kila kabila lina namna yake ya kumtoa mwali. Hebu ulizeni nyumbani mapema: siku hiyo, mama ataketi wapi?