Kamio Yetu ya Makopo

Yeyote aliyepita Mweso wakati wa masika aijua njia yetu. Yatoka Goma, yapita Sake, yapanda milima ya Masisi mpaka Kitshanga, yafika kwetu, halafu yaendelea Kashuga na Kalembe kuelekea Pinga, upande wa Walikale. Wenye mali huilaani njia hiyo. Sisi tulipokuwa wadogo tuliipenda, na sababu yake si nzuri sana: tuliipenda kwa kuwa kamio zilikwama.

Kamio ipitayo mbio haimfundishi mtoto neno lolote. Huona vumbi tu na moshi. Lakini kamio iliyozama katika matope mpaka tumboni hukaa siku mbili, pengine juma zima, na hiyo ndiyo iliyokuwa darasa letu. Watu wazima walichimba, wakasukuma, wakatukana. Sisi ndugu watatu tulilala kifudifudi kando yake tukaitazama kwa chini: springi zake, tangi la mafuta, namna mbao za bodi zilivyofungwa kwa vyuma. Tuliipima kwa kamba ya mgomba. Mita hatukuwa nayo. Kipimo chetu kilikuwa gurudumu lenyewe. Gurudumu la Fuso lakaribia urefu wa mita 1, na kamio nzima ni kama magurudumu 8. Basi gurudumu letu likiwa na upana wa vidole 3, kamio yetu sharti iwe na urefu wa vidole 24. Aliyekosa hesabu hiyo alichekwa na watoto wa soko zima, maana kamio yake ilifanana na bata.

Mwaka 2010, mwaka tunaoutaja hapa, Mweso ilijaa wakimbizi wa vita, na kambi zao zilikuwa karibu nasi. Walipewa mafuta ya kupikia katika makopo makubwa yaliyoandikwa USA. Mafuta yakiisha, kopo lilikuwa mali. Mama zetu walilitaka kwa kuchotea maji, sisi twalitaka kwa bodi, na vita hiyo hatukuishinda kila mara. Kichwa cha kamio tulikitengeneza kwa kopo la nyanya lililonyoshwa juu ya jiwe. Magurudumu tuliyakata katika nyayo za kandambili zilizochakaa, ekseli ilikuwa spoki ya baiskeli, na springi zilitoka katika mbavu za mwavuli uliovunjika. Taa zilikuwa vizibo vya chupa. Usukani uliwekwa juu ya fimbo ndefu iliyofungwa kwenye ekseli ya mbele, hata mtoto akaweza kukimbia wima nyuma ya kamio yake na kuigeuza kama dereva. Honi ilikuwa kinywa.

Lakini mifupa ya yote ni waya. Bila waya huna kamio, una makopo tu.

Baadaye, tulipokuwa watu wazima, tulisoma habari za vijana wa Marekani, tukacheka kwa kuona ndugu zetu mbali hivyo. Huko California, tangu miaka ya 1930, vijana walinunua motokaa kuukuu za Ford, hasa zile za mwaka 1932, wakang'oa mabawa ya matope, wakakata paa ili lishuke, wakatia injini yenye nguvu zaidi, kisha wakazikimbiza katika maziwa yaliyokauka. Waliziita hotirodi. Watoto wao nao wakataka zao ndogo. Mwaka 1958 kampuni ya AMT ilianza kuuza masanduku yenye vipande vya plastiki, kipimo cha 1 kwa 25, na kila sanduku liliweza kuunganishwa kwa namna tatu. Kabla ya hapo, tangu 1930 hata 1968, kulikuwa na chama cha vijana mafundi kilichosimamiwa na kampuni ya General Motors. Kijana aliyeshinda kwa ufundi wa motokaa ndogo alipewa fedha za masomo ya juu. Kipimo chetu, tukikihesabu leo, kilikuwa karibu 1 kwa 20. Wao walishusha motokaa zao hata zikaribie kulamba ardhi. Sisi tuliziinua, kwa maana hotirodi ya California ingekufa Mweso asubuhi ya kwanza. Na wao walipaka rangi ya moto ubavuni. Sisi tulipaka masizi na chokaa, na mtu mwenye rangi ya kucha za dada yake alikuwa tajiri.

Basi mwaka huo Fuso moja ilikwama chini ya kilima chetu siku nne. Ilikuwa na bonde katika mlango wa kushoto, kana kwamba ng'ombe aliupiga kichwa, na taa moja imevunjika, imefunikwa kitambaa chekundu. Tukaapa kutengeneza hiyo hiyo, siyo kamio tu, bali kamio ile. Makopo tulikuwa nayo. Waya hatukuwa nao.

Ng'ambo ya kijito alikaa mama mmoja mjane, na shamba lake la maharagwe lilizungushiwa boma la matete. Boma hilo lilifungwa kwa waya mzuri, mlaini, usio na kutu. Tulikwenda usiku. Tulitoa kama pima tatu, upande wa mlimani, tukajiambia kwamba matete yatasimama yenyewe. Matete hayakusimama. Usiku wa tatu ng'ombe walishuka mlimani, wakaingia, wakala mistari ya maharagwe yaliyokuwa na maua, na waliyoacha kula waliyakanyaga.

Kijiji kizima kilisikia kilio chake. Sisi nasi tulisikia, tukaendelea kukunja waya. Twayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyotukia: sikio moja lilikuwa kwa yule mama, na mkono ulikuwa ukilipiga bonde la mlango kwa mpini wa kisu, polepole, ili lipate umbo lake.

Siku ya pili yake alikuja kwetu kuomba moto. Kamio ilikuwa uani, karibu kwisha. Akainama, akaichukua, akaigeuza chini juu. Waya ule ulikuwa umekunjwa na marehemu mumewe kila shubiri moja, na alama za mikunjo hatukuweza kuzinyosha zote. Alipitisha kidole juu ya alama moja, kisha nyingine. Hakusema neno. Aliirudisha chini taratibu, kama mtu awekaye yai, akachukua moto wake akaenda.

Mama alimwona. Jioni Baba alijua. Hakutupiga, tungalipenda atupige. Alisema neno moja, "Mlipe," akaingia ndani.

Tulipe kwa nini? Hatukuwa na kuku wala franga. Tulikuwa na kamio. Asubuhi tuliitelemsha mpaka pale Fuso ilipokwama, tukaiendesha mbele ya dereva kama kwamba tunapita tu. Kwanza hakuangalia. Halafu akaliona bonde. Akaangalia mlango wake, akaangalia mlango wetu, akaona kitambaa chekundu juu ya taa, akacheka hata akashika boneti, akawaita wasaidizi wake waliokuwa wamejaa matope mpaka viunoni. "Njooni mwone, wametuzaa!" Alitaka kuitundika ndani, mbele ya macho yake. Alitupa kilo 5 za chumvi, vipande vinne vya sabuni na franga 2000. Hatukuwahi kuona mali nyingi namna hiyo mikononi mwetu. Jioni ile Fuso ilitoka matopeni, ikapanda njia ya Kitshanga, na kamio yetu ikiyumba nyuma ya kioo.

Tukaenda kwa yule mama, safari hii mchana. Tukapiga magoti, tukaeleza yote, tukaweka mali chini. Aliitazama chumvi kwa muda.

"Watoto wangu," alisema, "chumvi yafunga boma?"

Tukanyamaza.

"Waya uko wapi?"

Mkubwa wetu akajibu kwamba umekwenda Goma.

Msomaji, hapo ndipo tulipofahamu. Kamio ile ilikaa kwetu usiku mzima baada ya Baba kusema mlipe. Koleo tulikuwa nayo. Kuifungua kungalikuwa kazi ya nusu saa, na pima tatu za waya wa mumewe zingalirudi mahali pake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hivyo. Tuliwaza kuuza, kubadilisha, kwenda kufanya kibarua, kuivunja hapana. Ilikuwa imekuwa nzuri mno. Huenda Baba alimaanisha hivyo hasa. Hatukumwuliza kamwe, naye sasa ni marehemu.

Yule mama alipokea chumvi na sabuni, kwa maana maharagwe hayakuwako tena, na mwenye njaa hana nafasi ya kukataa. Franga alizirudisha kwa Mama, zinunue daftari. Lakini boma alituachia sisi. Tulilifunga kwa kamba za migomba, ambazo mvua huzioza kwa majuma mawili, kwa hiyo tulilifunga tena, na tena. Kila Jumamosi alisimama mlangoni akitazama tukikaza mafundo. Siku moja alimwonyesha mdogo wetu namna mumewe alivyokunja, shubiri moja kisha kidole, shubiri moja kisha kidole.

Wa katikati kati yetu hakugusa tena kamio za makopo. Alikwenda Kitshanga kujifunza kuchonga chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ibebayo magunia ya viazi na makaa, na mpanda wake akiitelemsha mlimani kwa goti moja. Ukiitazama vizuri ni kazi ile ile: mti wa mkaratusi badala ya kopo, na gurudumu la mbao likivikwa mpira wa tairi kuukuu. Tofauti ni kwamba chukudu hulisha nyumba nzima. Aliweka breki ya kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, na wateja walimsifu.

Tangu hapo vita imepita Mweso mara nyingi. Januari 2024 mabomu yaliangukia hata katikati ya makao, watu wakafa, na wengi wakakimbia tena. Yule mama alikuwa amekwisha kuhamia kwa binti yake muda mrefu kabla ya hapo. Sisi tumetawanyika, mmoja huku, mwingine kule. Tukipigiana simu twaulizana habari za watoto, za bei ya unga, za njia. Na kila mmoja wetu, akipitwa na Fuso kuukuu barabarani, huangalia kwanza nyuma ya kioo.