Nani Yuko Nyumbani Saa Sita Mchana?

Kuna jambo ambalo wengi wetu hapa Kenya hulifikiria kila tununuapo tokeni: je, yafaa kufunga paneli za sola juu ya paa na kupeleka umeme wa ziada katika gridi ya taifa, ili tupunguziwe bili?

Twauliza kwa sababu ya jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye amepokea kiinua mgongo chake na kuletewa na fundi karatasi ya bei: paneli za kilowati 3, bila betri, kwa shilingi 450,000. Chini ya karatasi imeandikwa kwamba fedha hizo zitarudi katika miaka minne. Kwa mtu asiyetarajia kushika tena fedha nyingi namna hiyo kwa mkupuo, miaka minne na miaka saba ni vitu viwili mbalimbali. “Nimefundisha hesabu maisha yangu yote,” alituambia. “Hesabu hii imenyooka mno. Nataka kujua kilichoachwa nje.”

Tuanze na sheria. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilimruhusu mteja mwenye mtambo wake wa nishati jadidifu, usiozidi megawati 1, kuomba mkataba wa kupimiwa umeme pande mbili: ule anaouchukua katika gridi na ule anaoupeleka. Kanuni za kuitekeleza zilitoka mwaka 2024, na ndani yake mna jambo ambalo karatasi ya fundi haikulitaja. Kwa kila uniti moja unayoipeleka, wahesabiwa nusu uniti. Nusu hiyo hupunguzwa katika bili yako. Si fedha za kupokea mkononi.

Wapo waiitao nusu hiyo wizi. Sisi hatukubaliani nao. Sehemu kubwa ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, hasa kule Olkaria, nao hupatikana mchana na usiku bila kungoja jua. Nchi huhitaji umeme mwingi zaidi jioni, watu wakisharudi majumbani, wakati ambapo paneli hazitoi kitu. Anayepeleka uniti yake adhuhuri na kuitaka saa mbili usiku anaifanya gridi kuwa ghala, na ghala hilo lina nguzo, nyaya na transfoma za kugharimiwa. Twaweza kubishana kama ushuru wa ghala uwe nusu au robo, lakini hatuwezi kusema usiwepo.

Sasa hesabu yenyewe. Katika nchi yetu iliyo kwenye ikweta, kilowati moja ya paneli hutoa kama uniti 4 kwa siku, ukichanganya siku za jua na zile za mawingu ya Julai. Basi kilowati 3 zitatoa kama 12. Tuchukue shilingi 25 kwa uniti, kwa mfano tu. Fundi alizidisha 12 kwa 25, akapata 300 kwa siku, na ndivyo miaka minne ilivyozaliwa. Lakini nyumba ya mwalimu hutumia uniti 8 tu kwa siku, na kati ya hizo ni 3 zitumikazo jua likiwapo. Zinazosalia 9 huenda katika gridi, zikahesabiwa 4 na nusu. Faida yake basi ni uniti 7 na nusu, wala si 12, na fedha zitarudi baada ya miaka sita na nusu au zaidi.

Hapo tuliacha kulitazama paa, tukaanza kuulizana nani yuko nyumbani mchana. Uniti uitumiayo mwenyewe jua likiwaka ina thamani kamili; uipelekayo ina thamani nusu. Mwalimu sasa hushinda nyumbani. Akihamishia mchana pampu ya kisima, pasi na mashine ya kufulia, atatumia uniti 4 mchana na 4 usiku. Tukajaribu mtambo wa kilowati 1.5, ambao fundi yuleyule aliukadiria kwa shilingi 240,000. Huo hutoa uniti 6: 4 zinatumika papo hapo, 2 zinapelekwa na kuhesabiwa 1, jumla 5. Mtambo mkubwa, kwa mazoea hayo mapya, ungempa 8. Maana yake ni kwamba shilingi 240,000 za kwanza zinanunua uniti 5 kwa siku, na 210,000 zinazofuatia zinanunua 3 tu. Za kwanza hurudi kwa miaka mitano na ushei. Za pili kwa karibu minane.

Kuna pia suala la madaraja ya bei. Tangu Aprili 2023, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini kabisa, na anayepita 100 hutozwa ya juu. Mwenye taa tatu na redio hana cha kuokoa hapa, na tungemshauri afanyie fedha zake jambo lingine.

Tena masharti hubadilika. Kule California, Marekani, Aprili 2023, waombaji wapya walipunguziwa sana thamani ya umeme wanaoupeleka, ingawa waliotangulia waliachiwa masharti yao ya awali. Umeme ulioutumia mwenyewe hakuna kanuni iwezayo kuupunguza.

Jambo lililomnyamazisha mwalimu lilikuwa lingine kabisa. Alidhani umeme ukikatika mtaani, kwake taa zitabaki zikiwaka. Haziwaki. Inverta ya kawaida ya gridi, isiyo na betri, hujizima yenyewe gridi ikizimika, ili umeme wa paa lako usimuue fundi aliye juu ya nguzo akitengeneza nyaya. Anayetaka taa wakati wa giza hana budi kununua betri na inverta inayoweza kujitenga na gridi, na hiyo ni hesabu nyingine. Vilevile asiruhusu umeme utoke kabla ya kufungiwa mita ya pande mbili, kwani zipo mita za kielektroniki zinazohesabu umeme unaopita bila kujali unaelekea wapi. Utaupeleka, kisha utalipishwa.

Mwalimu amechagua kilowati 1.5, bila betri kwa sasa. Amemtaka fundi aoneshe leseni yake ya EPRA na aandike bei upya, pamoja na gharama ya kubadilisha mabati ya upande wa mashariki. Yameshika kutu, na paneli huuzwa kwa dhamana ya miaka 25.