Nililipa hela nikalale kijijini!

Wiki hii tunatoka kidogo nje ya Bongo. Funga mkanda, twende Morocco, tena siyo kwenye mahoteli ya Casablanca. Tunapanda milimani kulala kwa Waberber.

Habari yenyewe ilianza na mpira. Mei 2025 Simba walikuwa wanacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane, na mjomba wangu ni Simba wa kufa mtu. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndio msindikizaji wangu, jiandae." Mwandishi wa vijisafu vya gazeti kama mimi, ambaye nauli ya daladala tu wakati mwingine ni kimeo, nikapanda ndege! Tarehe 17 pale Berkane tukafungwa mbili bila ndani ya robo saa ya kwanza. Mjomba hakula usiku ule. Kesho yake akageuza kurudi nyumbani kuwahi marudiano ya Zanzibar. Mimi tiketi yangu ilikuwa ya wiki moja mbele, na mfukoni nilikuwa na vijisenti alivyoniachia nivinjari.

Basi nikapanda treni ya usiku kutoka Oujda mpaka Casablanca, nikaunganisha Marrakech. Pale Marrakech kila kona unapewa karatasi za matangazo. Jangwa siku mbili, ngamia jioni moja, na hii sasa: "Tembea Milima ya Atlas, lala katika kijiji cha asili cha Waberber." Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sisi watu wa Moshi kulala kijijini milimani ni kila Krismasi, tena bure, na bibi anakufungia ndizi za kurudi nazo mjini. Leo nilipe hela?

Nikalipa.

Lakini kabla sijaendelea niwaambie kitu ambacho sijawahi kukiandika. Mzee wangu alikuwa mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, "mgumu" kama wanavyoitwa kule kwetu. Miaka kumi na tisa. Kilo 20 za mtalii kichwani au shingoni, na kabegi kake mwenyewe mgongoni, mpaka magoti yakasema basi. Ada yangu ya sekondari ilishuka na mlima ule. Kwa hiyo nilipolipa pale Marrakech na kuambiwa "begi lako litabebwa, wewe tembea tu", nilisikia kitu kikinikaba hapa kooni. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwa mtalii.

Kutoka Marrakech mpaka Imlil ni kama kilomita 65, saa moja na nusu kwa gari. Imlil iko mita 1,740 juu ya usawa wa bahari na ndiyo mlango wa kupandia Toubkal, mlima wa mita 4,167, mrefu kuliko yote Afrika Kaskazini. Hautufikii sisi wenye 5,895, na usifikiri sikuwaambia! Juu kidogo ya kijiji kuna ngome ya mtemi wa zamani iliyogeuzwa hoteli mwaka 1995. Martin Scorsese akaitumia kama Tibet kwenye filamu yake ya "Kundun" ya mwaka 1997. Ukiiangalia milima ile yenye theluji na nyumba za udongo zilizopandana kama ngazi, huwezi kumlaumu.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa rika langu, Kiingereza kinamtoka kama maji. Tangu Desemba 2018, wasichana wawili watalii kutoka Denmark na Norway walipouawa karibu na Imlil, watu hawaruhusiwi kupanda Toubkal bila mwongozaji mwenye leseni, na njiani askari wanaandika pasipoti. Alilisimulia hilo haraka haraka kisha akanyamaza. Nikaona bora tuongee mpira. Kosa! Kusikia natoka Tanzania, akainua vidole viwili hewani: "Simba? Berkane!" Akanitania hivyo siku tatu nzima.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni jina. "Berber" ni jina walilopewa na wengine, linalotokana na neno la kuita watu washenzi. Wao wanajiita Amazigh, na wakiwa wengi ni Imazighen. Lugha yao ya pande zile ni Tashelhit. Tangu katiba ya 2011 Kiamazigh ni lugha rasmi ya nchi pamoja na Kiarabu, na maandishi yake, ya miduara na misalaba kama michoro ya pangoni, utayaona kwenye mabango ya shule na ofisi. Ukikutana na mtu sema "azul", ukipewa kitu sema "tanmirt". Kwa maneno hayo mawili nilikunywa chai kila nyumba.

Sasa begi. Nilijiandaa kumwona mpagazi. Badala yake akatokea mzee mmoja mwembamba, kanzu yenye kofia, nyuma yake anavuta nyumbu. Siyo nyumbu wa Serengeti jamani, ni yule mtoto wa punda na farasi ambaye wazee wa pwani wanamwita baghala. Nilipolitamka neno hilo mzee akashtuka, akacheka, maana Waarabu wao nao wanaita hivyo hivyo. Kuanzia hapo nikawa namwita "ammi", naye akaniita mwanawe. Mabegi ya watu wanne, jiko, mtungi wa gesi, masufuria na mikate, vyote vikapanda mgongoni kwa yule mnyama. Wala hakupepesa macho.

Tulipanda taratibu mpaka Tizi n'Tamatert. "Tizi" ni pale mlima unapoinama ukapata upenyo wa kuvukia upande wa pili. Huu uko kama mita 2,280. Wenzangu watatu, wazungu, walikuwa wanahema kama bajaji. Mimi damu ya mgumu, nilikuwa napiga mluzi! (Siku ya pili magoti yalinifundisha adabu, lakini hilo tuliache.) Ng'ambo ya upenyo kuna bonde la Imenane, na mwisho wake juu kabisa ndiko kiliko kijiji cha Tacheddirt, mita 2,300 hivi. Tukafika alasiri. Ammi alikuwa ametutangulia, chai imeshaiva.

Wasomaji, nilifikiri nakwenda kuona watu wa zamani. Nikaona kihamba! Vishamba vidogo vimekatwa matuta ubavuni mwa mlima, shayiri chini, miti ya matufaha na jozi juu yake, na katikati mfereji mwembamba unaoleta maji kutoka kwenye theluji. Maji yanagawanywa kwa zamu, kila nyumba na muda wake, anafungua kwa udongo na majani, anaziba, anampisha jirani. Nilikaa pale nikiangalia kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Nyumbani kwetu mfereji huo unaitwa mfongo, na babu alitumia nusu ya maisha yake kugombana na watu juu ya zamu yake.

Tulilala kwenye nyumba ya familia waliyoitengeneza iwe ya wageni. Vyumba vina magodoro sakafuni, blanketi nzito za sufu, choo safi, umeme upo, na juu ya paa sahani la televisheni. Dirhamu 250 kwa usiku, kama dola 27, chakula cha jioni na chai ya asubuhi humo humo. Chakula chenyewe ni tajini, nyama na karoti na viazi vilivyopikwa polepole ndani ya chungu chenye kofia, mkate wa moto wa kuchovyea, na birika la chai ya nanaa. Sukari wanayoweka, ee bwana, mwenye kisukari asisogee! Baba wa nyumba anaimimina kutoka juu kabisa mpaka itoe povu, halafu anairudisha kwenye birika, anamimina tena. Tulikula sahani moja pamoja naye na wanawe, na ammi, na mwongozaji.

Hapo ndipo tonge liliponikwama. Miaka kumi na tisa mzee wangu alibebea watu chakula, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye mkeka wetu. Sisemi ni wabaya. Mlima wetu ni hifadhi, watu hawaishi mle, wageni wanalala kwenye mahema na vibanda, wakishuka wanapanda gari kwenda hotelini. Siku hizi wapo wanaokwenda Materuni kuonja kahawa na kupiga picha maporomoko, mchana, jioni wamerudi mjini. Hela ya mlima ilifika nyumbani kwetu. Mgeni mwenyewe hakufika.

Lakini msiniite mshamba wa kusifia kila kitu. Asubuhi niliamka mapema nikamwona mama wa ile nyumba akipandisha kilima. Mgongoni kajifunga furushi la majani ya ng'ombe kubwa kuliko yeye, mpaka kichwa hakionekani, miguu tu inatembea. Nyuma yake wasichana wawili na mafurushi yao. Na pale uani nyumbu kafungwa anatafuna shayiri, anasubiri kubeba begi langu lenye jinzi mbili na viatu vya akiba. Nikamuuliza mwongozaji, "Kwa nini mnyama hawasaidii hawa?" Akajibu, "Mnyama anafanya kazi ya hela." Akasikia alivyosema, akaangalia chini. Sikuwa na la kumcheka. Kwetu Marangu akina mama nao wanapandisha majani ya ng'ombe kichwani kutoka tambarare, na mzee akishuka mlimani alikuwa analala.

Usiku wa pili tulikuwa kijiji kingine, chini zaidi ya bonde. Hapo ndipo nilipoona tetemeko. Mnakumbuka, tarehe 8 Septemba 2023, saa tano na dakika kumi na moja usiku, ukubwa 6.8, watu karibu 3,000 wakafa katika milima hii na mji wa Marrakech. Nyumba za mawe na udongo, na paa zito la boriti na tope juu yake, ziliwaangukia watu vitandani. Serikali ilitangaza dirhamu 140,000 kwa nyumba iliyobomoka kabisa na 80,000 kwa iliyoharibika. Mwenyeji wetu alipoteza ukuta mmoja na zizi lote. Majira ya baridi ya mwaka ule walilala kwenye hema.

Sasa anajenga. Kwa tofali za saruji na nondo, rangi ya kijivu, mbaya kweli kuitazama. Mmoja wa wenzangu, mama wa makamo mwenye roho nzuri tu, akasikitika: "Ah, ile ya udongo ilikuwa nzuri zaidi, ilikuwa ya asili." Mwongozaji akatafsiri. Mwenyeji akanyamaza kidogo, akajibu kwa upole kwamba ile ya udongo ni kweli ilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, na nyingine pale juu bado zipo, kama mgeni anapenda kulala humo atamwonyesha. Yeye watoto wake watalala kwenye nondo.

Hakuna aliyeongea mpaka chai iliporudi.

Siku ya tatu tukavuka Tizi n'Aguersioual kurudi Imlil, na saa ya kuagana ikafika. Mzee wangu alinifundisha kitu kimoja kuhusu bahasha za wageni: mpe mtu mkononi mwake, usipitishie kwa bosi. Basi nikamfuata ammi pembeni alipokuwa anafungua kamba za mizigo, nikamkunjia mkononi. Nikamwomba mwongozaji amwambie kwamba baba yangu naye alifanya kazi hii.

"Ana nyumbu wangapi?"

"Hana. Kwetu mzigo anabeba mtu."

Ammi akadhani tafsiri imekosewa, akauliza tena. Nikainua begi langu nikaliweka kichwani, nikatembea pale uwanjani namna mzee alivyokuwa akitembea, magoti yamekunjwa kidogo, mkono mmoja juu. Wauza karanga wakacheka. Ammi hakucheka. Alikuja akalichukua lile begi, akaliweka kichwani kwake, akajaribu. Hatua ya nne likamdondoka. Akaliokota, akalipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu yake, ndipo akanirudishia.

Usiku ule nikampigia mzee Moshi nikamsimulia yote, milima, mifereji, tajini, tetemeko. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza, "Huyo mnyama wanamlisha nini?"

"Shayiri. Anakula kabla ya mwenyewe hajala."

"Shayiri," akasema. Nikasikia anaguna. "Haya. Na Jumapili vipi, Simba watarudisha?"